Kibubu cha dola 600: Teen Idles, bendi ya watoto wa shule iliyotoa santuri ikiwa imeshakufa

#1 Kaseti_Mbovu

Wakuu, kwema?

Wiki iliyopita kuna kijana aliuliza humu ndani kama ina maana yoyote bendi ya wanafunzi kuingia studio wakati hata gitaa bado linawasumbua. Wajuzi wakamshukia: nendeni mkajifunze kwanza, mkikua mtarekodi. Dogo akanywea, hajarudi tena. Nilitaka nimjibu palepale nikaona nitajaza ukurasa wa watu, ndiyo nikafungua uzi wangu.

Nataka kuwasimulia Teen Idles. Waliishi mwaka mmoja tu na kidogo. Wasioujua muziki wa panki (punk, roki ya kasi na kelele) hawajawahi kuwasikia, na hata wanaoujua wengi wanakimbilia bendi zilizokuja baadaye. Ila kwa swali la yule dogo sioni mfano mzuri kuwazidi.

Tuko Washington, Marekani, mwaka 1979. Msifikirie Ikulu na waheshimiwa wenye tai. Kuna watoto wa sekondari wanaozurura na ubao wa kuteleza, wanasoma Wilson High School, na jioni wanashinda Georgetown kwenye maduka. Mmoja anaitwa Ian MacKaye, ana miaka 16. Alikuwa na mapenzi makubwa na muziki wa Jimi Hendrix, na hayo mapenzi ndiyo yaliyomkatisha tamaa. Unamsikiliza mtu anapiga vile, unaliangalia gitaa la kuazima mkononi, unalirudisha kwa mwenyewe.

Februari 1979 chuo cha Georgetown kilikuwa kimeizima redio ya wanafunzi, WGTB, ndiyo iliyokuwa ikipiga muziki ambao redio nyingine haziugusi. Likaandaliwa onyesho la kuichangia, wakaja The Cramps kutoka New York. Ian akaenda. Siku chache baadaye mwezi huohuo The Clash wakapiga Ontario Theatre mjini humo, akaenda tena. Akatoka huko na wazo moja kichwani: kumbe hawa nao ni watu. Wanakosea, wanaanguka, wanainuka, na ukumbi umejaa.

Ngoja niweke maji ya chai, narudi.

#2 Nyundo

Nimewahi siti ya mbele. Kahawa na kashata mkononi.

#3 Binti_wa_Buguruni

Samahani kaka, mimi panki ninayoijua ni ile ya kunyoa. Pembeni peupe, katikati kama jogoo. Ni ukoo mmoja au?

#4 Kaseti_Mbovu

@Binti_wa_Buguruni dada umenifurahisha, na uko sahihi kabisa. Ni ukoo mmoja. Jina lilifika kwa kinyozi kabla ya muziki wenyewe. Sisi tulinyoa panki miaka na miaka bila kusikia hata wimbo mmoja. Wenyewe hawa ninaowasimulia wengi walinyoa upara tu, au wakajikatia wenyewe nyumbani kwa mkasi.

Tuendelee.

Kiangazi cha 1979 wakaunda kitu kinaitwa The Slinkees. Ian kwenye gitaa la besi, Jeff Nelson kwenye drami, Geordie Grindle kwenye gitaa, na mwimbaji Mark Sullivan. Nasema "kitu" kwa sababu walipiga shoo moja tu, kwenye gereji, kisha mwimbaji akaondoka kwenda chuo. Wangapi humu bendi zao zilikufa kwa barua ya kuchaguliwa kidato cha tano?

Wakamchukua Nathan Strejcek akae kwenye maiki, wakabadili jina: Teen Idles. Jina lina utani ndani yake. Kwa Kiingereza kipenzi cha vijana, yule wa kwenye mabango, na mtu anayekaa bure kijiweni, hutamkwa sawasawa, zinatofautiana herufi tu. Wakachagua herufi za kijiweni.

Vyombo vilikuwa vya kuungaunga, mazoezi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi. Mwisho wa 1979 wakaanza kupiga mbele za watu: nyumbani kwa marafiki, halafu mahali panaitwa Madams Organ, nyumba ya ushirika wa wasanii mtaa wa 18 pale Adams Morgan. Usifikirie ukumbi wa starehe. Hakukuwa na jukwaa la maana, mpigaji na mtazamaji wanakanyagana vidole.

Wapenzi wa panki wa pale mjini waliokuwa na umri mkubwa kidogo waliwadharau. Wakawaita vipanki vya watoto. Nakumbuka dharau ya namna hiyo, sote tumewahi kuionja.

#5 Fundi_Besi

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Tulikuwa na bendi sekondari, wanne. Tulipewa nafasi mahafali ya kidato cha nne, mwalimu wa zamu akazima umeme wimbo wa pili haujaisha. Alisema ni hitilafu. Swichi ilikuwa mkononi mwake, tunamuona!

#6 Mzee_wa_Santuri

Kijana unasimulia vizuri, lakini usiwaruke Bad Brains. Huwezi kusimulia Washington ya miaka ile ukawaacha wale jamaa nje. Nakusubiri.

#7 Kaseti_Mbovu

@Mzee_wa_Santuri shikamoo mzee. Nilikuwa nafika hapo.

Bad Brains ni vijana weusi wanne wa pale Washington na viunga vyake: H.R. kwenye sauti, Dr. Know gitaa, Darryl Jenifer besi, Earl Hudson drami. Walianza wakipiga muziki mgumu wenye jazi ndani yake, kisha wakageukia panki, na baadaye wakawa Marasta na kuingiza rege katikati ya shoo. Yaani wanakupigia wimbo wa dakika moja na nusu kama treni iliyokatika breki, wanasimama, wanashusha rege taratibu watu wanatikisa vichwa, halafu treni tena. Kwa kupiga vyombo, hakuna aliyewagusa mji ule.

Sasa sikilizeni. Hawa wababe walijaribu kwenda Uingereza wakarudishwa uwanja wa ndege, wakarejea nyumbani wamefilisika, hawana hata vyombo. Wakafanya mazoezi kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Nathan, kwa vyombo vya Teen Idles. Hebu pata picha: una miaka 17, unajua nyimbo nne na tano, na bendi kali kuliko zote mjini inapigia kwenye amplifaya yako, wewe umekaa kwenye ngazi unaangalia vidole vyao. Shule gani ya muziki ingekupa hiyo? Teen Idles walikuwa wanapiga haraka, baada ya hapo wakawa wanapiga haraka zaidi.

Ndiyo maana nakataa ile ya "mjifunze kwanza halafu ndiyo mtoke". Wangejifungia ndani mpaka waive, wale jamaa wasingewajua kabisa.

#8 Nyundo

Mkuu studio lini? Unatupa arosto.

#9 Kaseti_Mbovu

Haya, studio.

Februari 1980 wakaingia studio moja ya pale mjini kurekodi demo. Aprili wakarudi tena. Mara mbili.

Fundi mitambo aliwacheka. Sio kicheko cha chinichini cha mtu aliyebanwa, aliwacheka waziwazi, yeye na bendi nyingine iliyokuwa imetembelea pale, wakati vijana wanapiga. Ni watoto, wanapiga kasi ajabu, mwimbaji anafoka, na kwenye chumba cha mitambo kuna watu wazima wanashikilia mbavu.

Nimewahi kukaa upande huo wa kioo. Studio ya mtaani kwetu, siitaji, tulilipia saa mbili. Fundi alituacha tunapiga, yeye anaongea na simu, mlango wazi. Tulipomaliza akasema "hiyo imetoka" na alikuwa hajabonyeza kitufe cha kurekodi dakika zote za mwanzo. Sikurudi studio miaka sita.

Teen Idles walirudi baada ya miezi miwili. Kwenye demo zile sauti ni nyembamba, gitaa linalia kama nyuki kwenye kopo. Hawakuzitoa. Waliziweka.

#10 Binti_wa_Buguruni

Yaani kabonyeza nini sasa siku nzima huyo fundi 😂 Pole kaka.

#11 Mpinga_Kila_Kitu

Samahani naharibu utamu. Hawa walikuwa watoto wa kishua. Nyumba yenye chumba cha chini cha mazoezi, wazazi wenye kazi nzuri. Baba yake MacKaye alikuwa mwandishi wa Washington Post, nimesoma. Msituletee hadithi ya maskini aliyetoboa.

#12 Kaseti_Mbovu

@Mpinga_Kila_Kitu hujaharibu chochote, na kuhusu baba yake hujakosea. Hata mimi sijasema maskini. Ukiwa na chumba cha chini, na mzazi anayevumilia kelele, umeshavuka mito miwili ambayo wengine wanazamia. Bad Brains ndiyo ushahidi wako mwenyewe: walipiga vizuri zaidi ya wote na walikuwa wanaazima mahali pa kufanyia mazoezi kwa watoto.

Lakini hela ya bendi haikutoka kwa baba. Vijana walifanya vibarua. Ian na rafiki yake Henry Garfield walichota aiskrimu dukani Georgetown. (Henry huyo ndiye baadaye alijiita Henry Rollins akaenda kuimbia Black Flag. Wakati huu ni mbeba vyombo tu.)

Hapo ndipo penye nyama ya uzi wangu. Kila senti ya shoo haikugawanywa. Hakuna nauli, hakuna soda. Ilienda kwenye fungu moja. Mimi naliita kibubu.

#13 Fundi_Besi

Sisi tulikuwa na kibubu. Mweka hazina alihama shule.

#14 Kaseti_Mbovu

@Fundi_Besi 😂😂 pumzika kwa amani kibubu.

Agosti 1980 wakafanya jambo ambalo mzazi wangu asingelisikiliza hata mpaka mwisho wa sentensi. Walipanda basi la Greyhound kutoka Washington hadi California kwenda kupiga shoo mbili. Zaidi ya kilomita 4,000, siku kadhaa kwenye kiti, na magitaa yao. Walikuwa sita: bendi wanne, pamoja na Henry na Mark Sullivan, yule mwimbaji wa zamani, wakiwa wabeba vyombo. Bendi haina hata santuri moja, ina wabeba vyombo wawili!

Los Angeles walipiga Hong Kong Café. San Francisco walipiga Mabuhay Gardens, mgahawa wa Kifilipino uliokuwa umegeuka kuwa ukumbi wa panki. Malipo ya shoo hizo mbili hata nauli ya kurudi mtu mmoja yasingetosha. Kihesabu, safari ilikuwa hasara tupu.

Ila pale Mabuhay kuna kitu kilitokea. Mlangoni walionekana hawajafikia umri wa kunywa. Kwa kawaida hapo unarudishwa. Wenye ukumbi wakawaingiza, ila wakawachora X kubwa nyeusi kwa makapeni mgongoni mwa mikono, ili mtu wa kaunta akiiona asimuuzie pombe. Basi, imeisha hiyo. Anayekunywa anakunywa, mtoto anasikiliza muziki.

Waliporudi nyumbani wakaipeleka habari hiyo kwenye 9:30 Club, iliyokuwa imefunguliwa mwaka huohuo mtaa wa F. Tuchoreni X, mkituona na pombe tufukuzeni moja kwa moja. Klabu ikakubali. Muelewe uzito wake: bendi za rika lao na mashabiki wa rika lao wote walikuwa wanabaki nje ya kumbi. Makapeni ikawafungulia mlango.

#15 Mzee_wa_Santuri

Ndiyo mwanzo wa ile alama ya X ya wale wasiokunywa wala kuvuta.

#16 Kaseti_Mbovu

Ndiyo hiyo mzee. Jina la mkondo huo, Straight Edge, lilitokana na wimbo wa sekunde 46 wa bendi iliyofuata ya Ian, Minor Threat, mwaka 1981. Watu wameugeuza karibu dini, wengine wamechanja X mwilini. Nina mashaka na mambo ya kuhubiriana, na ugomvi huo una uzi wake. Mimi nabaki kwenye mlango: ilikuwa njia ya kumwingiza mtoto ukumbini.

#17 Nyundo

Santuri mkuu. Umesema bendi ilikuwa imeshakufa.

#18 Kaseti_Mbovu

Wakati bado wako hai wakampata Skip Groff. Alikuwa na duka la santuri, Yesterday and Today, Rockville, Maryland, na mwenyewe alishatoa santuri za bendi za pale. Muuza duka anayejua njia. Akawapeleka Arlington, upande wa pili wa mto, kwa Don Zientara.

Studio ya Zientara iliitwa Inner Ear, na ilikuwa nyumbani kwake. Kinasa sauti chake kilikuwa cha treki 4 tu. Kwa vijana wa leo wenye treki mia kwenye simu: unakuwa na mistari minne ya kuweka sauti, ukitaka wa tano lazima uchanganye iliyotangulia, na ukishachanganya hurudi nyuma. Kwa hiyo bendi inapiga pamoja, chumba kimoja, mara moja, na kosa linabaki palepale.

Zientara hakuwacheka. Ni mtu mzima aliyekuwa akipenda muziki mwingine kabisa, lakini aliweka maiki, akasikiliza, akarekodi walichokipiga. Ukilinganisha na demo za Aprili ni bendi ileile, nyimbo nyingine zilezile, vidole vilevile. Gitaa lina mwili, drami inakupiga kifuani. Nimejiuliza sana tofauti ni nini. Safari ya California ilichangia, na mazoezi. Ila na chumba nacho. Mtu akikuchekea usoni unapiga ukiwa umejikunja, unataka iishe.

Novemba 1980 bendi ikafa. Watu wa miaka 18, kila mtu ana njia yake, mpiga gitaa na wenzake hawakuelewana tena. Shoo ya mwisho ilikuwa 9:30 Club, X mikononi.

Wakafungua kibubu. Dola 600.

Watu wanne. Mia na hamsini kwa kila mtu, hesabu haina hata chenji. Bendi haipo, hakuna shoo ya kuitangazia santuri. Mimi ningechukua changu, nisidanganye hapa.

Wao wakapeleka zote kiwandani. Nakala 1,000 za santuri ndogo ya inchi 7, nyimbo 8 ndani yake, ikaitwa Minor Disturbance. Wakajitungia jina la lebo, Dischord, wakaandika namba 1. Ilitoka Desemba 1980.

Hela ya kutengenezesha makava haikuwepo. Basi wakachukua kava la santuri ndogo la Uingereza, wakalibandua gundi, wakalikunjua mezani wakafuatisha mstari wake kwa kalamu. Jeff akasanifu, wakachapisha bapa, kisha wakakaa sakafuni na marafiki: mkasi, kukunja, gundi, moja baada ya jingine. Picha ya mbele ni mikono iliyopishana, ina X.

#19 Binti_wa_Buguruni

Makava elfu moja kwa mkono? Mimi kadi za harusi 200 nilitaka kulia.

#20 Mpinga_Kila_Kitu

Sawa hapo nimekubali. Lakini lebo yenye santuri moja ya bendi marehemu inakuaje lebo? Namba 2 ilitoka wapi?

#21 Kaseti_Mbovu

Swali zuri. Kipindi cha redio cha Maximum Rocknroll, kule California, kiliipiga. Jarida la Touch and Go, la mashabiki wa Michigan, likaisifu. Maagizo yakaanza kuja kwa posta. Fungu likarudi, nao wakalirudisha palepale: namba 2 ni S.O.A., bendi ya Henry yule mbeba vyombo. Namba 3 ni Minor Threat, Ian sasa anaimba na Jeff yuko kwenye drami. Nathan naye akaanzisha Youth Brigade, nayo ikatolewa hapohapo. Karibu zote zimerekodiwa kwa Zientara.

Dischord ipo mpaka leo. Zientara alihamia jengo kubwa baadaye, na mwaka 2021 akalazimika kulifunga baada ya serikali ya Arlington kulinunua.

#22 Mzee_wa_Santuri

Kwetu enzi hizo bendi ilikuwa inarekodi Radio Tanzania, tepu zinabaki Pugu Road, wewe unarudi na sifa. Kuwa na nakala yako mwenyewe mkononi, tena uliyoikunja kava kwa mkono wako, hilo kwetu halikuwa jambo la kuota. Wimbo wangu niliusikia redioni kama jirani tu.

#23 Kaseti_Mbovu

Mzee, na wewe ulikuwa na bendi?! Fungua uzi wako usiku huu, tafadhali.

#24 Fundi_Besi

Na zile demo walizochekewa? Zilipotea?

#25 Kaseti_Mbovu

Hazikupotea. Zilikaa kwenye boksi miaka 16. Lebo ilipofikia toleo la 100, mwaka 1996, walikuwa na bendi nyingi kubwa za kuchagua, Fugazi ikiwemo. Namba 100 wakaipa demo za Teen Idles za 1980, zilivyo, na nyuki wao kwenye kopo.

Nimezisikiliza kwa spika za masikioni nikitafuta kile kicheko nyuma ya kioo. Sijakisikia. @Dogo_wa_Gitaa, ukipita hapa sema kitu.

#26 Dogo_wa_Gitaa

Niko hapa tangu namba 4. Tuna elfu 35 na mpiga drami wetu amechaguliwa kwenda Tabora. Kuna anayejua studio ambayo fundi hana simu?